Viza ya uchumba, kadi ya kazi na kodi: swali kutoka Kampemba

Ba yaya, jambo yenu.

Mimi ni binti wa miaka 31, ninakaa Kampemba, Lubumbashi. Miaka sita sasa ninashika hesabu za kampuni ndogo inayohudumia migodi. Ninalipwa dola 900 kwa mwezi. Kodi ya mshahara na CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) wanakata wenyewe. Mchumba wangu alizaliwa hapa hapa, lakini leo ni raia wa Marekani. Anakaa Houston, anafanya kazi kwenye bohari, anapata karibu dola 46,000 kwa mwaka. Ombi lake la viza ya uchumba, ile K-1, limekubaliwa, na mimi ninangoja kuitwa ubalozini Kinshasa. Tukijaliwa nitasafiri katikati ya Oktoba.

Sasa kila mtu ananipa lake. Rafiki yangu aliyefika Houston akitokea kambi ya Meheba, Zambia, anasema alianza kazi hata mwezi haujaisha, na mimi itakuwa vile vile. Mchumba wangu anasema tukishafunga ndoa tu, haki ya kazi inakuja yenyewe. Bosi wangu hapa hataki kuniachia: anataka nibebe kompyuta, niendelee kumfungia hesabu za kila mwezi nikiwa kule, yeye aendelee kunilipa kwenye akaunti yangu ya hapa. Halafu mtu anayemjazia mchumba wangu karatasi za kodi amemshauri tufunge ndoa kabla ya tarehe 31 Desemba, na sisi tulikuwa tumepanga Januari.

Niko pia na kanyumba nilikojenga Ruashi, lokateri analipa dola 150 kwa mwezi. Na baba mkubwa amesema siondoki bila mahari kutolewa na ndoa ya kimila kufanyika. Niache kazi lini? Nitakaa muda gani bila mshahara? Kodi ya Marekani itanifuata mpaka Ruashi?

Binti wa Kampemba

---

Mdogo wetu,

Tuanze na rafiki yako wa Meheba, maana mashauri mengi yanayozunguka Lubumbashi juu ya Marekani yanatoka kwa watu kama yeye. Hakukudanganya. Mkimbizi anayepokelewa Marekani ana ruhusa ya kazi tangu siku anayoshuka kwenye ndege. Mwanamke aliyefunga ndoa huku kwanza, akaingia kwa viza ya mke, naye anaingia akiwa mkazi wa kudumu, anaweza kuanza kazi kesho yake. Wewe unapita mlango mwingine kabisa. K-1 inakuruhusu kuingia mara moja, na inakupa siku 90 za kufunga ndoa na mtu yule yule aliyekuombea. Ndoa hiyo, ikishafungwa, inakupa haki ya kuomba ukaazi, na ni pamoja na ombi la ukaazi ndipo unapoomba kadi ya kazi. Kwa hiyo mchumba wako naye amekosea, ingawa kwa nia njema: cheti cha ndoa peke yake si ruhusa ya kazi. Kodi, kwa upande wake, haingoji kadi ya kazi wala ukaazi. Ina hesabu yake ya siku, na tutaifikia.

Kwanza mahari, kwa sababu jambo hili linaweza kuangusha safari nzima kabla hujapanda ndege. K-1 ni ya watu ambao bado hawajaoana. Sheria ya familia ya Kongo, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inatambua ndoa iliyofungwa katika familia kwa mila, kisha ikaandikishwa kwa ofisa wa hali ya kiraia. Konsula wa Kinshasa anaijua sheria hiyo. Akiona picha za mahari ikikabidhiwa, familia mbili zimekaa pamoja, mmevaa vitenge vya sare, na kwenye ujumbe wenu wa simu unaitwa “mke wangu”, anaweza kuamua kwamba nyinyi tayari ni mume na mke. Hapo hatoi viza; anarudisha dosye Marekani, na mnaanza upya kwa njia ya mke na mume. Mwendee baba mkubwa kwa heshima yake, umweleze kwamba kinachosubiri ni siku ya mahari tu, na mahari yenyewe hakuna anayeikataa. Ziara ya utambulisho, familia kufahamiana, inatosha kwa sasa. Kama mahari imekwisha kutolewa wakati unasoma haya, usiifiche kwenye mahojiano. Uongo mbele ya konsula unaweza kukufungia mlango wa Marekani maisha yote, na hiyo ni mbaya kuliko kuanza upya.

Sasa kazi.

Ukishafika, cha kwanza kutafuta ni namba ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani), hata kabla ya ndoa. Ngoja kama wiki mbili ili habari za kuingia kwako zifike kwenye mitambo yao, kisha nenda na pasipoti, cheti cha kuzaliwa na karatasi ya I-94, ambayo unaichapisha mwenyewe kutoka tovuti ya forodha ya Marekani. I-94 ndiyo inayoonyesha siku yako ya 90, na wanataka iwe imebaki na zaidi ya siku 14 unapoomba. Ukifika tarehe 15 Oktoba, muda wako mzuri ni tangu mwisho wa Oktoba mpaka kabla ya Krismasi. Kadi watakayokupa itakuwa na maneno yanayosema kwamba haifai kwa kazi bila ruhusa ya idara ya usalama wa ndani. Usikasirike, na usiitumie kuombea kazi. Unaihitaji kwa ajili ya kodi na benki. Karani akikataa, usibishane naye. Fomu ya kuomba kadi ya kazi ina sehemu ya kuomba namba hiyo hiyo, utaijaza hapo.

Simama kidogo kwenye jina. Sisi Wakongomani tuna jina, postnom (jina linalolifuata) na prenom (jina la kwanza), na fomu za Marekani zina nafasi ya jina la kwanza, la kati na la ukoo. Postnom ndiyo inayopotea: fomu moja inaiweka katikati, nyingine inaigandisha na jina la ukoo, ya tatu inaiacha kabisa. Fungua pasipoti yako uangalie mistari miwili ya chini yenye alama za < nyingi. Kilichoandikwa baada ya COD mpaka alama mbili za << ni jina lako la ukoo machoni pa mashine, na kinachofuata ni majina mengine. Andika hivyo hivyo kila mahali, bila kugeuza. Ukibadili jina baada ya ndoa, libadili kwanza Social Security, ndipo utumie jina jipya kwenye tamko la kodi. Jina na namba visipolingana, IRS, yaani idara ya kodi ya Marekani, inarudisha tamko lenu, na mnapoteza wiki nyingi kwa sababu ya neno moja.

Kuhusu ndoa yenyewe: Texas inataka kwanza mchukue leseni ya ndoa kwa karani wa kaunti, kisha mngoje saa 72 kabla ya sherehe. Leseni haidumu milele, ni kama siku 90 hivi. Mkitaka kufunga tarehe 20 Desemba, msiende kwa karani baada ya tarehe 16, na kumbukeni ofisi zinafunga siku za sikukuu. Siku hiyo hiyo ya ndoa ulizeni nakala rasmi za cheti zinapatikana lini, mchukue mbili au tatu.

Cheti kikiwa mkononi, tumeni bahasha moja yenye I-485, ambayo ni ombi la ukaazi, na I-765, ambayo ni ombi la kadi ya kazi. Kwa bei zilizoanza Aprili 2024, I-485 ni dola 1,440, na I-765 ikienda pamoja nayo ni dola 260; jumla 1,700. Zitazameni tena kwenye ukurasa wa USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, siku mnayotuma. Baadhi ya watu wanatuma I-765 peke yake mara tu wanapofika, kwa dola 520 kwa karatasi, ili wapate kadi ya kazi kabla ya ndoa. Sheria inaruhusu, ila kadi hiyo inakufa pamoja na zile siku 90, na mara nyingi siku zinakwisha kabla haijafika. Hatukushauri utupe pesa hiyo.

Bahasha inaporudishwa, mara nyingi hakuna kosa kubwa ndani yake. Sahihi imesahauliwa. Kurasa za toleo la zamani la fomu zimechanganywa na za jipya, wakati tarehe ya toleo imeandikwa chini ya kila ukurasa na lazima zote zifanane. Au malipo: tangu 28 Oktoba 2025 USCIS hawapokei tena cheki za karatasi wala hawala za posta kwa fomu hizi. Mnalipa kwa kadi ya benki kupitia fomu G-1450, au moja kwa moja kutoka akaunti kupitia G-1650, na benki iwe imearifiwa, maana benki nyingi huzuia malipo makubwa ya ghafla. Kuhusu afya, pale Kinshasa kwa daktari wa ubalozi omba chanjo zote zikamilike na upewe nakala ya karatasi ya chanjo. Ikikosa moja, utalipa daktari wa pili Houston.

Kadi ya kazi inachukua miezi. Panga bajeti ya miezi sita bila mshahara wako, ikija mapema mshukuru Mungu. Juu yake utaona C09, yaani mtu anayengoja ukaazi. Kwenye muda huo, usitoke Marekani bila kibali cha kusafiri kinachoombwa kwa I-131, dola 630 nyingine. Tunajua kilio kikitokea nyumbani moyo hautulii. Lakini ukiondoka bila kibali hicho, I-485 yako inahesabiwa imeachwa. Zungumza na ndugu zako kabla hujaondoka, waelewe kwamba kutokuja hakutakuwa dharau.

Unaposikia “usifanye kazi”, elewa ni kazi zote. Kusuka nywele sebuleni kwa malipo, kulea watoto wa jirani kwa pesa taslimu, kuuza vitenge mtandaoni: zote ni kazi. Na kuna kosa moja tunalolikazia kuliko yote. Siku ya kwanza kazini utajaza I-9, fomu ya kuthibitisha ruhusa yako ya kazi, na juu yake kuna visanduku vinne: raia wa Marekani, mwananchi wa Marekani asiye raia (noncitizen national), mkazi wa kudumu, mgeni mwenye ruhusa ya kazi. Wewe, ukiwa na kadi ya C09, unaweka alama kwenye cha nne. Watu wanaweka alama kwenye cha kwanza kwa haraka, au kwa sababu rafiki amewaambia “weka hapo, hawaangalii”. Kudai uraia usio nao ili upate kazi kunakufungia ukaazi, na mlango wa msamaha karibu haupo, hata kwa mke wa raia. Ni alama moja ya kalamu, na inaharibu ndoa nzima.

Bosi wako anakupenda na anaamini hesabu zako, ndiyo maana anaomba hivyo. Hata hivyo jibu ni hapana, mpaka kadi ifike. Ruhusa ya kazi inatazama mwili wako uko wapi unapofanya kazi, haitazami aliyekulipa wala akaunti ilipo. Kodi nayo inatazama hivyo hivyo: mshahara wa kazi uliyoifanya ukiwa umekaa Houston ni mapato ya Marekani, hata kama dola zimelala benki ya Lubumbashi. Na hapa kuna mtego ambao wewe, kama mhasibu, utauona mara moja. Bosi akiendelea kukukata kodi ya mshahara ya Kongo kwa kazi hiyo, Marekani haitakupa punguzo kwa kodi uliyolipa Kongo, kwa sababu punguzo hilo ni kwa mapato ya nje tu, na haya si ya nje. Utalipa mara mbili. Kati ya nchi hizi mbili hakuna mkataba wa kodi ya mapato, na hakuna pia mkataba wa hifadhi ya jamii, kwa hiyo CNSS haihesabiki kule wala michango ya kule haihesabiki huku.

Baada ya kadi kufika mnaweza kufanya mkataba mpya wa huduma. Utakuwa umejiajiri: ukipata faida ya dola 400 au zaidi kwa mwaka, kuna kodi ya waliojiajiri ya 15.3%, inayopigwa juu ya 92.35% ya faida, mbali na kodi ya mapato. Mweleze bosi mapema ili bei yenu iizingatie. Kwa sasa, mfungie hesabu mpaka mwezi wa mwisho na ufundishe atakayeshika nafasi yako. Mshahara wako wa Oktoba na malipo ya mwisho yakiingia Novemba wakati umeshafika kule, hayo hayana shida, ni ya kazi iliyofanyika Lubumbashi. Bakiza barua inayosema hivyo.

Sasa tuje kwa yule mtaalamu wa kodi na tarehe 31 Desemba. Anachosema ni kweli: kwa IRS, aliyeolewa tarehe 31 Desemba ameolewa mwaka mzima, na aliyefunga ndoa tarehe 1 Januari alikuwa mseja mwaka wote uliopita. Tufanye hesabu kwa viwango vya 2026, kodi ya shirikisho peke yake, kwani Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo.

Mkifunga Januari, mchumba wako anatoa tamko la mseja. Dola 46,000 toa makato ya kawaida 16,100, zinabaki 29,900. Za kwanza 12,400 zinatozwa 10%, zilizobaki 17,500 zinatozwa 12%: 1,240 na 2,100, jumla dola 3,340.

Mkifunga Desemba, kuna njia mbili. Wewe ukifika 15 Oktoba utakuwa na siku 78 tu Marekani mwaka huo. Kipimo cha siku kinataka 183, kwa hesabu inayochukua siku zote za mwaka huu, theluthi moja ya siku za mwaka jana na sehemu ya sita za mwaka juzi. Kwa hiyo bado wewe si mkazi wa kodi. Anaweza kutoa tamko la aliyeoa anayejitegemea, makato yakabaki 16,100 yale yale, kodi ikabaki 3,340. Au mnachagua kwa hiari wewe uhesabiwe mkazi wa mwaka mzima, mkatoa tamko la pamoja, na makato yakapanda mpaka 32,200. Njia hii inataka utaje mapato yako yote ya dunia, tangu Januari: mshahara wa Lubumbashi na pango la nyumba ya Ruashi. Wengi wanaogopa hapo na kurudi nyuma. Hakuna cha kuogopa. Mshahara wako, tuseme dola 8,500 mpaka unaondoka, unaweza kuutoa kwenye kodi kwa fomu 2555, kwa sababu uliishi nje ya Marekani siku 330 kamili au zaidi ndani ya miezi 12 mfululizo. Kikomo cha 2026 ni dola 132,900 kwa mwaka mzima, wewe hukaribii hata robo. Linabaki pango la nyumba. Tuseme baada ya matengenezo na gharama inabaki 1,500. Basi: 46,000 na 1,500, toa 32,200, ni 15,300, zote kwenye 10%. Kodi ni dola 1,530. Mmeokoa karibu 1,800, na hizo zinatosha kulipa I-485 na I-765 zote mbili.

Je, muharakishe ndoa kwa ajili hiyo? Kama Januari imechaguliwa kwa sababu mama wa mchumba atakuwepo, au padri wenu, au jambo lolote lenye uzito kwenu, iacheni Januari. Siku 90 zako zinafika mpaka karibu tarehe 12, ingawa hatupendi kuona mtu anafunga ndoa juma la mwisho. Lakini kama ni tarehe tu, sisi tungechukua Desemba. Zaidi ya kodi, bahasha yenu ya kadi ya kazi inaondoka wiki tatu mapema.

Tamko hilo la kwanza la pamoja linataka karatasi moja ya ziada ambayo programu nyingi za kodi hazikukumbushi: maelezo yenye majina, anuani na namba za wote wawili, yanayosema kwamba siku ya mwisho ya mwaka mmoja wenu alikuwa raia na mwingine mgeni asiye mkazi, na kwamba mnachagua kuhesabiwa wakazi mwaka wote. Wote mnatia sahihi. Chaguo hilo linaendelea miaka inayofuata, na likisitishwa halirudiwi tena kwa ndoa hiyo, kwa hiyo msilifanye kwa mzaha. Kama tarehe 15 Aprili imefika bila namba ya Social Security, ombeni muda kwa fomu 4868, mtapata mpaka 15 Oktoba. Muda huo ni wa karatasi, si wa pesa. Kinachodaiwa kilipwe Aprili. Kuna pia ITIN, namba ya kodi ya asiye na Social Security, inayoombwa kwa fomu W-7, lakini inataka pasipoti halisi au nakala iliyothibitishwa na waliyoitoa, na hatupendi pasipoti yako izunguke kwa posta wakati I-485 iko mezani. Namba ya Social Security ikipatikana, achana na ITIN. Na hifadhi nakala ya tamko la pamoja. Grini kadi ya kwanza kwa ndoa ya chini ya miaka miwili ni ya masharti, inadumu miaka miwili, na unapoomba kuondoa masharti kwa I-751, kodi mliyotangaza pamoja ni ushahidi mkubwa kwamba ndoa ni ya kweli.

Ndiyo, basi, kodi ya Marekani itafika Ruashi. Ukiwa mkazi, kila mwaka utaitaja nyumba kwenye jedwali E la tamko la kodi, ukitoa matengenezo na uchakavu wa jengo uliogawanywa kwa miaka 30, na kodi ya mapato ya kupangisha unayolipa mkoani Haut-Katanga unaombea punguzo kwa fomu 1116. Punguzo linahitaji risiti. Mwambie atakayekusimamia nyumba asipokee “tumeelewana” ya mtu yeyote, achukue karatasi yenye muhuri, aipige picha, akutumie siku hiyo hiyo. Kwa bulletin zako za mshahara za Januari mpaka Oktoba, zichukue zote kabla ya kuondoka.

Kuna karatasi moja ambayo mhasibu kama wewe anaweza kuikosea bila kujua. Mkazi wa Marekani mwenye akaunti nje, ambazo zikijumlishwa zimepita dola 10,000 hata siku moja ya mwaka, anatoa taarifa ya akaunti hizo, iitwayo FBAR, kwenye tovuti ya FinCEN, ofisi ya wizara ya fedha ya Marekani, mbali na tamko la kodi. Haitozi kitu, ila adhabu ya kuisahau inahesabiwa kwa maelfu. Na haihesabu akaunti zako tu. Inahesabu akaunti yoyote ambayo sahihi yako inaweza kutoa pesa. Yaani akaunti ya kampuni, kama wewe ni mmoja wa wanaotia sahihi. Na akaunti ya likelemba (upatu) yenu, kama wewe ndiye mtunza hazina. Jitoe kwenye sahihi zote hizo kabla ya safari, na uiombe benki barua yenye tarehe inayothibitisha kwamba umetoka.

Kuacha kazi. Usiandike barua mpaka viza iwe imebandikwa kwenye pasipoti yako. Tangu 2025 Marekani imekuwa ikibadilisha masharti ya viza kwa nchi mbalimbali, wakati mwingine kwa siku chache tu, kwa hiyo kuitwa mahojiano si viza, na kuambiwa “umekubaliwa” dirishani si viza pia. Sheria ya kazi ya Kongo inamtaka mwajiri atoe notisi ya siku 14 za kazi pamoja na 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi; mfanyakazi anayeacha anatoa nusu yake. Kwa miaka yako sita: 14 na 42 ni 56, nusu ni 28. Siku za kazi zinahesabiwa mpaka Jumamosi, kwa hiyo ni karibu wiki tano, isipokuwa kontra yako inasema zaidi. Ili uondoke tarehe 14 Oktoba, barua iwe imepokelewa na kutiwa muhuri ifikapo tarehe 10 Septemba. Viza ikichelewa mpaka mwisho wa Septemba, sogeza tiketi, usikimbie notisi. Kwa kawaida K-1 ina miezi sita ya kuingia, na malipo yako ya mwisho, cheti cha mwisho wa kazi na orodha ya michango yako ya CNSS ni rahisi kuvidai ukiwa umekaa mbele ya meza ya mtu wa mishahara kuliko ukiwa unapiga simu kutoka Houston saa tisa usiku.